Ampli ya lampe iliyoimba saa ya bukari tu: yaliyonikuta Kolwezi enzi za Zaïre

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine pokeeni salamu za kawaida.

Huwa nasoma jukwaa hili kimya kimya. Juzi nikakuta vijana wanabishana kuhusu tube amp zenye gain kubwa. Kwa nini leo inaimba, kesho inakwaruza, na hakuna aliyegusa knob hata moja? Mmoja akasema ni spika. Mwingine akasema pickup. Mwingine akamwambia mwenye uzi aende akapimwe masikio.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, maana jambo hilo hilo lilikaribia kunitoa roho nikiwa kijana.

Basi naandika yote yaliyonikuta mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi kuwa ni ujinga. Kwa umri huu sina wa kumficha.

Mimi ni mzaliwa wa Kolwezi, kule Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba na nchi yenyewe Zaïre. Baadaye niliishi Kigoma miaka mingi, ndiyo maana naweza kuandika Kiswahili chenu. Lakini watu wa kwetu wakisema kitu nitawaacha waseme kwa Kiswahili chao. Mtaelewa tu.

Tuanze na nyumba, kwa sababu bila nyumba hamtaelewa kwa nini nilikuwa na hofu kiasi kile.

Tata, yaani baba yangu, aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kuja kufanya kazi ya mgodi. Alifanya kazi kwenye vinu vya kusaga mawe ya shaba zaidi ya miaka thelathini. Tulikaa kwenye cité, yaani mtaa wa wafanyakazi wa Kampuni ya mgodi, nyumba ya vyumba viwili, bati juu, umeme ndani. Mama alifariki katika nyumba hiyo. Tulibaki wawili.

Sasa utaratibu ulikuwa hivi: nyumba ni ya mfanyakazi. Ukistaafu unapewa miezi kadhaa, kisha unatoka, isipokuwa kama mtoto wako ameandikwa kazi na Kampuni. Hapo nyumba inahamia kwenye jina lake.

Tata alikuwa ameshastaafu. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Na mtoto mwenyewe ndiye mimi. Miaka ishirini na moja, sina kazi, nina gitaa.

Kama sikuandikwa, Tata alitakiwa kupanda treni arudi Kasai, kwenye kijiji alichokiacha kabla hajaota ndevu. Hakuwa anamjua mtu kule. Hakulisema hilo hata mara moja, na kutosema kwake ndiko kulikonitafuna zaidi. Nilikuwa nikimwona anapaka chokaa ukuta wa jikoni, ukuta ambao baada ya miezi mitatu ungekuwa wa mtu mwingine.

Haya, sasa tuje kwenye ampli.

Orchestre yetu, bendi ya cité, iliongozwa na mtu tuliyemwita Chef Kabwe. Mzungu mmoja fundi alipomaliza mkataba wake na kuondoka alimwachia Chef ampli lake la gitaa. Lilikuwa la lampe, yaani zile taa za kioo mnazoziita tubes. Nyuma lilikuwa na lampe nne kubwa. Kulibeba ilihitaji watu wawili wenye mgongo mzima. Tulilipa jina la Ng'ombe kwa sababu ya mlio wake.

Ng'ombe lilitengenezwa kwa ajili ya muziki wa kelele wa Wazungu. Lilikuwa na gain, lilikuwa na master, na ukifungua gain kidogo tu linaanza kunguruma.

Muziki wetu haukutaka hivyo. Ulitaka gitaa linalosikika kila kidole, halafu solo inayoimba.

Siku ya kwanza nilipochomeka, Chef alisimamisha watu wote.

"We, uko unapiga guitare ao uko unapasula mbao?"

Walicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha fimbo. Mimi sikucheka. Nilijua nikishindwa hapo hakuna mlango mwingine, maana Kampuni iliwaandika wanamuziki wazuri kama ilivyowaandika wachezaji wa mpira. Kwenye karatasi unaitwa kibarua wa karakana, lakini kazi yako ni kupiga kwenye sherehe zao. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu pekee.

Basi nikaanza kuitafuta ile toni. Vijana wa gitaa, hapa someni vizuri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani gain ikiwa juu ndiyo utamu. Nikashusha gain mpaka karibu na tatu, nikapandisha master. Likaanza kuwa na adabu.

Kosa la pili, bass. Ukiwa peke yako chumbani bass nyingi inakupendeza. Ukiingia na bendi inakuwa matope. Nikaipunguza, nikapandisha zile sauti za katikati.

Treble nikaishusha hadi Chef alipoacha kukunja uso.

Spika nikaitoa sakafuni nikaiweka juu ya kreti mbili za bia. Na volume ya gitaa lenyewe sikuifungua yote, nikaiacha kwenye sita au saba. Nikitaka solo, nasukuma kwa kidole kidogo inapanda mpaka kumi. Hiyo peke yake ilinichukua wiki tatu kuigundua, na leo mnaisoma bure.

Nyuzi? Nyuzi mbili nyembamba nilizitoa kwenye waya wa breki ya kinga, yaani baiskeli. Usinicheke, ndivyo tulivyoishi.

Sasa Alhamisi moja, saa kumi na moja jioni hivi, tunafanya mazoezi kwenye salle, yaani ukumbi wa cité. Nikasukuma volume, nikapiga noti moja ya juu, nikaiacha.

Wakuu, haikufa.

Iliendelea. Haikukwaruza, haikupiga kelele, ilijaa taratibu na kubaki pale ikitetemeka kidogo, kama sauti ya mama anayeimba kanisani akiwa amefumba macho. Nywele za mikono zilinisimama. Chef alibaki na mdomo wazi.

Nje palikuwa na gari limesimama. Akaingia Chef du personnel, yule bwana mkubwa wa kuandika watu kazi. Alikuwa mtu wa Katanga ya kaskazini, mrefu, hana maneno mengi.

"Nani alipiga ile?"

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Weye njo mutoto wa ule muzee wa ku vinu?"

Nikasema ndiyo. ("Njo" ya kwetu ni "ndiye" yenu.)

"Sikukuu ya bafanyakazi, bakubwa batakuya. Munipigie ile sauti. Ile ile. Nikiisikia, lundi unakuya ku bureau, nakuandika."

Akatoka. Lundi, yaani Jumatatu, ofisini kwake! Chef Kabwe akanikumbatia.

Nikaomba rangi ya kucha kwa mke wa Chef. Nikaweka alama nyekundu kwenye kila knob, palepale ilipokuwa. Nilidhani nimeshamaliza.

Jumamosi tukafanya mazoezi saa nane mchana. Nikachomeka gitaa. Alama zote ziko mahali pake. Nikapiga noti ile ile.

Ikafa! Ilitoka ngumu, yenye meno, ikakwaruza kidogo, ikaisha.

Nikapiga tena. Hivyo hivyo.

Nikabadilisha waya. Nikabadilisha nyuzi. Nikasogeza kreti. Jasho linanitoka. Jumatatu jioni ikarudi tamu. Jumatano mchana ikapotea. Ijumaa jioni ikaja tena, nusu saa tu, halafu ikaenda zake.

Mnajua namna mtu anavyochanganyikiwa? Nilianza kuhisi naona knob zinasogea. Nilikuwa nakagua alama zile zaidi ya mara kumi kwa siku. Nikilala naziona, nikila naziona. Tata akiniuliza kitu namjibu kingine. Na tarehe inakaribia.

Hapo ndipo nikafanya ule ujinga niliowaahidi.

Tulikuwa na mpiga gitaa wa pili, Ilunga. Mtu mkimya, mchana alikuwa fundi umeme wa Kampuni. Alikuwa anakaa karibu na Ng'ombe, na mara nyingi alifika salle kabla yangu. Nikajiambia: ni yeye. Ananionea wivu kwa sababu solo ni yangu. Anagusa, kisha anarudisha kwenye alama. Nikawaza hata mambo ya dawa, kwamba ameweka kitu ndani ya ampli.

Nikamwambia mbele ya watu wote.

Ilunga aliweka gitaa lake chini polepole.

"Mi? Mi naguse bitu yako?"

"Weye. Nani mwingine?"

"Haina mi," akasema, yaani si yeye. "Na nitakuonyesha kama haina mi."

Akatoka. Wengine wakaanza kukunja nyaya zao.

Kesho yake Ilunga akaja na voltmètre, kile chombo chenye sindano cha kupimia umeme. Hakunisalimu. Akachomeka ukutani saa nane mchana, akaniita kwa kidole.

"Soma."

Sindano ilikuwa kwenye volti mia mbili ishirini na mbili.

Akakaa. Tukapiga mazoezi, yeye kila mara anainuka kutazama. Saa kumi, mia mbili kumi na tano. Saa kumi na moja kasoro, sindano ikaanza kuteremka. Saa kumi na moja na dakika kumi ilisimama kwenye mia mbili na nne.

"Piga sasa."

Nikapiga. Ng'ombe likaimba.

Ilunga akanieleza taratibu. Salle yetu ilikuwa mwisho wa laini. Kabla umeme haujatufikia unapita mitaa minne ya nyumba za Kampuni, na kila nyumba ina réchaud, jiko la umeme. Saa kumi na moja mama wote wanawasha kwa pamoja, wanapika bukari, ugali wetu wa mahindi. Umeme unashuka. Ampli ya lampe ikipata umeme pungufu kidogo inalegea, inapumua, ndiyo inaimba. Ikipata mwingi inakaza.

"Ampli yako inapenda saa ya bukari," akasema. "Haina Ilunga."

Watu walicheka. Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya watu wale wale waliosikia nikimtuhumu. Akanipa mkono, lakini wiki nzima aliniita "Muchawi wa knob" na nilikuwa nastahili.

Kuna mkuu hapa atauliza kwa nini hatukutafuta transfoma ya kushushia umeme. Mkuu, ile ya uwezo huo ilikuwa kwenye karakana ya Kampuni, na kuiomba ilihitaji saini za watu ambao hata kuwasalimia ilihitaji saini.

Mimi nikaona nina akili zaidi. Nikaenda kwa Chef Kabwe, nikamsihi: sikukuu hiyo, katika programme, tuweke saa kumi na moja kamili. Saa ya bukari. Akakubali, akaenda kuongea na wapangaji, nao wakaandika.

Wiki mbili hizo nililala vizuri. Nilijiona nimeshaandikwa kazi.

Ikafika sikukuu.

Asubuhi défilé. Wafanyakazi wote walipita mbele ya wakubwa, kila idara na bango lake, wa vinu, wa treni, wa hospitali, wanawake kwa vitenge vya sare. Ilikuwa lazima kila mtu awepo. Mchana Kampuni ilichinja ng'ombe, nyama ikapikwa kwenye mapipa kwa kuni nyuma ya salle, na bukari likasongwa hapo hapo kwa makoleo. Watu wa cité nzima wakaja kula.

Mimi saa kumi nikaenda kuweka vitu sawa jukwaani. Nilikuwa na furaha, hata nilipiga mluzi.

Ilunga akachomeka voltmètre yake.

Kisha akainama, akaangalia tena. Akagonga kioo chake kwa kucha.

"Kuya uone."

Mia mbili arobaini na moja.

Nikawasha Ng'ombe. Baada ya dakika tatu Ilunga akachungulia nyuma, akaniambia niangalie. Ndani ya zile lampe nne, vile vibati vilikuwa vinaanza kuwa vyekundu. Nikapiga noti moja ndogo tu. Ilitoka kama bati linalochanwa. Watu waliokuwa wanapanga viti waligeuka.

Nikazima haraka.

"Ilunga, ni nini hii?"

Alikuwa anasikiliza. Na mimi nikasikiliza, ndipo nikagundua kitu ambacho kilikuwa hakipo tangu asubuhi. Ule muungurumo wa vinu. Tangu nizaliwe haujawahi kunyamaza, mchana, Jumapili, siku ya mazishi. Siku hiyo walikuwa wamevizima ili vifanyiwe matengenezo, kwa kuwa wafanyakazi wote walitakiwa kwenye défilé.

"Vinu bimesimama, umeme yote inakuya huku," akasema Ilunga. "Na nani leo anapika ku nyumba? Bamama bote beko hapa, banakula nyama ya Kampuni."

Wakuu, nilikuwa nimepanga kila kitu kwa saa ya bukari, nikasahau kwamba siku ya sikukuu hakuna mtu anayepika bukari nyumbani kwake. Mimi mtoto wa cité ile. Ningemlaumu nani?

Saa ilikuwa kumi na robo.

Nikajaribu kushusha gain. Sauti ikawa safi, lakini kavu, noti inakufa kabla sijainua kidole. Nikapandisha kidogo, bati likachanika. Nikajaribu treble, nikajaribu master. Zile alama nyekundu sikuwa na kazi nazo tena. Ilunga akasema nikizidi kuliwasha lampe zitaungua, na nyingine hatuna, na yule Mzungu hayupo.

"Tukichomeka réchaud hapa ndani?"

"Moya haifanye kitu. Inapashwa kuwa arobaini."

Nilikimbia nyumbani hata hivyo kuchukua yetu. Sijui nilikuwa nawaza nini. Mtu akizama anashika chochote.

Mitaa ilikuwa mitupu. Milango imefungwa yote. Nilimkuta Tata amekaa kitandani anapiga viatu rangi, shati jeupe tayari limevaliwa. Alikuwa anajiandaa kuja saa kumi na moja.

Nikachukua réchaud mezani. Akaniuliza naipeleka wapi. Nikamweleza mbio mbio, maneno yanagongana, voltmètre, bukari, vinu, lampe nyekundu. Sidhani kama aliyaelewa nusu.

"Réchaud ngapi?" akauliza.

"Arobaini, Tata."

Akanipokonya ile réchaud mkononi, taratibu, akairudisha mezani. Akaichomeka. Akaiwasha.

"Enda," akasema.

Akavaa viatu, hakumalizia hata rangi ya kiatu cha pili.

Nilirudi salle mikono mitupu. Nilitaka kulia. Nilikuwa naona treni ya Kasai na yule mzee amekaa dirishani na sanduku lake. Nilikuwa nimempa matumaini, na sasa nitamwaibisha mbele ya watu wote aliofanya nao kazi.

Ndani ya salle wakubwa walikuwa wameshakaa mbele. Hotuba zinaendelea. Chef du personnel kakaa pembeni ya mgeni rasmi, mikono imefumbatwa.

Ilunga alikuwa amejificha nyuma ya pazia na chombo chake. Nikamwangalia. Akanionyesha kwa vidole: bado mia mbili arobaini.

Saa kumi na moja kasoro robo. Mia mbili thelathini na tisa.

Kasoro dakika kumi. Thelathini na nane.

Mara nikaona mama Ngalula, jirani yetu, anainuka kwenye benchi la nyuma na sahani yake ya nyama. Anatoka. Kisha mwingine. Kisha watatu kwa pamoja. Mabenchi ya nyuma yakaanza kuwa wazi. Mgeni rasmi akageuza shingo kutazama.

Chef Kabwe akanijia jasho likimtoka. "Bamama banatoka. Juu ya nini banatoka?"

Nilijua jibu. Wamesikia ile noti ya bati ikichanwa, wakaona orchestre ya leo ni aibu, waende zao. Nilitamani sakafu ifunguke.

Tukaitwa jukwaani.

Nikavaa gitaa. Nikageuka kumtazama Ilunga, ambaye alitakiwa naye awe ameshika lake, lakini alikuwa bado ameinamia sindano. Aliinua uso. Macho yalikuwa makubwa.

"Inashuka," akasema.

Thelathini. Ishirini na nne. Kumi na tisa.

Tukaanza wimbo. Mwanzoni solo haikuwepo, nilipiga vidogo vidogo tu, safi. Voltmètre tuliiweka sakafuni kati yetu. Nilikuwa naiangalia kuliko nilivyokuwa naangalia mikono yangu. Kumi na mbili. Mia mbili na tisa.

Ndipo nikaelewa wale mama wameenda wapi.

Chef akaniashiria. Nikasukuma volume kwa kidole kidogo, nikapiga ile noti ya juu.

Ikajaa. Ikakaa.

Sitaeleza sana, kwa sababu maneno hayatoshi na nitaonekana najisifu. Niseme tu kwamba salle ilinyamaza, na yule mgeni rasmi aliyekuwa anasinzia alifungua macho.

Lakini msidhani hofu iliisha. Sindano haikusimama. Mia na tisini na nane. Tisini na mbili. Taa za darini zikawa za njano. Ilunga akanisogelea anapiga huku anasema kwa meno: "Maliza! Fuse ya cabine itaruka!" Cabine ni kile kibanda cha umeme cha mtaa; fuse yake ingeruka, salle nzima ingeingia gizani mbele ya wakubwa, na miaka ile jambo la namna hiyo mbele ya wakubwa halikuitwa ajali. Chef naye upande wa pili anazungusha mkono: ongeza, ongeza.

Nikaongeza mzunguko mmoja. Niliupiga nikiwa nimefumba macho kwa woga, si kwa utamu. Kisha tukakata.

Fuse ilishika. Watu walipiga makofi, na mimi nilikwenda nyuma ya salle nikatapika.

Chef du personnel hakuniangalia. Aliondoka na wageni wake. Kwa hiyo mpaka Jumatatu sikujua kitu.

Jumatatu nilifika bureau mapema, nikakaa kwenye benchi hadi karibu saa sita. Nikaitwa. Hakuniambia nikae. Aliomba karatasi ya kazi ya Tata, akaisoma, akaandika jina langu kwenye fomu.

"Mwanzo, wakati munajaribu, ilikuwa sauti ya paka," akasema bila kuinua kichwa. "Nilisema, huyu hataweza. Enda pale, bakupige picha."

Nyumba ikahamia kwangu wiki hiyo hiyo. Nilipomwambia Tata, alisema "Aya," akaendelea kula.

Kwa vijana wa gitaa: pimeni umeme wenu kabla hamjanunua pedali ya tano. Gain chini kuliko mnavyodhani, katikati juu, spika isikae sakafuni. Umeme ukizidi usilazimishe lampe. Na kabla hujamwita mwenzako mchawi, mwombe akupimie.

Hayo ni ya ampli. Lakini kuna jingine ndilo limenifanya niandike usiku na mchana siku mbili hizi.

Kama mwezi mmoja baadaye nilikutana na mama Ngalula sokoni Manika. Akaanza kunitania, eti ananidai sufuria kwa sababu siku ile aliwasha réchaud, akaweka maji, akasahau, ikaungua.

Akanieleza Tata alivyofanya. Alipita kwenye mapipa ya nyama na kwenye mabenchi ya nyuma, mama mmoja mmoja, anainama, anaongea sikioni. Yule yule ambaye alikuwa hawezi kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Kila mmoja alimwambia maneno yale yale: "Mutoto yangu atapiga guitare sasa hivi. Enda uwashe réchaud, batu bamusikie muzuri."

Hakuwatajia nyumba. Hata mmoja.

Mama Ngalula, ambaye habari ya mwezi wa sita aliijua kama cité yote ilivyoijua, alimuuliza: "Tata, unaogopa batakutosha mu nyumba?" Yaani, watamtoa.

Akamjibu: "Nyumba iko ya Kampuni. Mutoto njo wa kwangu."

Nilisimama pale sokoni na furushi la mboga mkononi. Miezi yote ile mimi nilikuwa napigania nyumba yake. Yeye alikuwa amevaa shati jeupe aje kunisikiliza.

Tata aliishi katika nyumba ile miaka kumi na mmoja zaidi, mpaka alipofariki. Sikuwahi kumwambia kwamba najua alichosema. Kila nikitaka kuanza, naona atasema "Aya" tu na kuendelea kula, nikaogopa.

Wakuu, mwenye maswali ya ampli aweke hapa, nitajibu ninachokijua. Na mwenye mzee wa namna hiyo ambaye bado yuko hai, aniambie ameanzaje hayo mazungumzo, maana mimi hadi leo sijui ningeanzia wapi.